Nyumba ya Tisa

Ngwali alikuwa mchora maandishi, na herufi B.K. alizijua tangu ujanani. Kwenye magunia ya pamba zilikuwa Bora Kabisa. Kwenye jezi za timu ya mji, Boma Kongwe. Sasa halmashauri ilimpa rangi nyekundu na orodha ya nyumba za kupisha upanuzi wa barabara, na hakuna asiyejua kwamba B.K. ya ukutani ni Bomoa Kabisa.

Nyumba ya tisa ilikuwa ya dada yake, Mwanahija. Mama yao aliijenga kwa ujira wa kuponda kokoto za barabara hiyohiyo. Wakubwa hawakumbuki hayo. Wao hukumbuka kodi tu.

“Karibu, fundi,” alisema Mwanahija. “Umekuja kunywa chai au kunizika?”

“Dada, nisipoandika mimi ataandika mwingine.”

“Basi andika wewe. Huyo mwingine atapinda mistari.”

Akaleta kigoda, akainama kukishikilia kisiyumbe, kama mama yao alivyofanya Ngwali alipojifunza kuandika kwa mkaa kwenye ukuta uleule.

Ngwali akaandika B. Kisha brashi ikasimama hewani. Rangi ikadondoka, tone baada ya tone, kwenye mvi za dada yake, naye hakukiachia kigoda.