Chumba Kisicho na Moshi

Taa ilizimika tena, na Andongwisye akaitukana serikali.

Alikuwa amepiga magoti chini, ndani ya chumba alichokichimba mwenyewe ubavuni mwa kilima, akisawazisha sakafu. Akapapasa ngazi, akapanda, akakaa mlangoni kupumua. Kichwa kilimgonga.

"Mafuta ya taa siku hizi ni maji matupu," alimwambia binti yake. "Duka la ushirika lilikuwa na mambo yake, lakini mafuta yalikuwa mafuta. Sasa eti soko huria. Kila mwenye pipa ni mfanyabiashara, na wakubwa wanakula naye."

Bupe alikohoa kwanza, kama kawaida yake, ndipo akajibu. "Lakini tata, ukiitundika ukutani inawaka. Ukiiweka chini ndiyo inazimika."

"Ndiyo hayo maji, yanatikisika. Wewe umeishia la saba, mafuta umeyasomea wapi?"

Bupe akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, naye akashika kifua kwa mikono miwili. Andongwisye akatazama pembeni.

Jenifer, mama yake Bupe, alianza hivyohivyo. Miaka na miaka ya moshi wa kuni ndani ya nyumba isiyo na dirisha, na juu yake baridi ya Rungwe ya mwezi wa sita. Zahanati walimwandikia dawa, wakasema akanunue mjini, ya serikali imekwisha. Dawa ilipopatikana, wa kuinywa hakuwepo. Sasa mganga alikuwa amesema wazi kwamba kifua cha binti nacho hakitavuka baridi nyingine ya namna ile, labda alale pakavu, penye joto, pasipo moshi.

Umeme ulipita juu ya migomba ya Andongwisye kwenda kwa wakubwa Makandana, wala haukusimama. Basi akasema hautaki. Akajenga nyumba isiyomwomba mtu kitu. Bati lilimwaga mvua kwenye tangi la saruji, na mvua ya Tukuyu haina uchoyo. Kuta aliziinua kwa udongo, nene kama urefu wa mkono. Jiko akalitoa nje kabisa. Chumba cha Bupe akakishusha ardhini, kwa sababu viazi alivyokuwa akifukia pale havikuwahi kuguswa na baridi. Mlango aliubana kwa mbao hata upepo ukakosa pa kupita. Ukishuka humo, joto lilikupokea kama umeegemea ubavu wa ng'ombe, na hakuna hata kaa moja linalowaka.

Vifaranga tu ndivyo vilivyomuudhi. Aliviweka humo vikajipashe joto, vikafa vyote.

"Chanjo imeoza," alisema. "Tangu bwana mifugo afungue duka lake, anatuuzia maji ya bomba."

Mwezi wa tano alifika Ezron, mtendaji, na pikipiki yake. Kabla ya hapo lilikuwa limepita gari la kampuni ya wageni, likichomeka mabomba ardhini na kuondoka bila hata kusalimia mtu.

"Mzee, hili shimo lifukiwe."

"Kwa nini?"

"Ni amri."

"Amri nayo ina baba na mama. Sababu ni nini?"

"Sababu iko wilayani." Ezron aliitazama migomba. "Kuna kitu chini ya ardhi yako. Siruhusiwi kusema zaidi."

"Kama ni dhahabu, waambie nimeikalia." Majirani waliokuwa wakisikiliza wakacheka. Andongwisye hakucheka. "Ushirika mmeula mkamaliza. Sasa mmefika hata kwenye kitanda cha mwanangu."

Ezron akawasha pikipiki. Hakuna aliyehitaji kuelezwa: mwekezaji amepapenda pale, na mtendaji ametumwa kupasafisha.

Andongwisye akaongeza mbio. Akatandika majani makavu ya migomba sakafuni, godoro juu yake. Noah, mzee wa kanisa, akakubali kuja Jumapili kukiombea chumba, ndipo Bupe ahamie.

Alhamisi ilipambazuka na mvua nyembamba, ile inayoingia mifupani. Ezron akarudi. Safari hii alikuja kwa miguu, mbio, na nyuma yake wanaume wanne wenye kamba na majembe. Andongwisye akasimama kwenye mlango wa chumba, panga mkononi.

"Atakayegusa hapa, nitamkata."

Aliyasema kwa sauti ya chini, karibu ya kunong'ona, na hiyo ndiyo iliyowatisha.

"Sikuja kukutoa, mzee. Nisikilize." Ezron alikuwa akihema. "Jirani yako Ackson amefariki asubuhi hii. Ndama wake alitumbukia kwenye shimo la kuivishia ndizi, akashuka kumtoa. Wote wawili hawakupanda. Ardhi ya upande huu inatoa hewa mbaya. Haina harufu. Inatuama chini, inazima taa, inaua kuku, na mtu inamkata pumzi bila yeye kujua."

"Nani kasema?"

"Wale wapimaji. Ndiyo hewa wanayoitafuta, huko kwao inauzika."

"Walisema lini?"

Ezron akainamisha kichwa. "Mwezi wa tatu. Wakubwa wakatuambia tunyamaze mpaka mkataba utiwe sahihi, watu wasije wakapandisha bei ya viwanja."

Wanaume wanne walitazama chini. Mvua iliendelea.

"Tumshukuru Mungu tumewahi," Ezron alisema. "Noah ameniambia binti anahamia Jumapili."

Andongwisye akaweka kidole mdomoni, kuwanyamazisha.

"Ongeeni taratibu," alinong'ona. "Jana baridi ilizidi, nikamshusha palepale jioni. Usingizi kama huu hajaupata tangu mama yake afe."