Upande wa Baba

Daktari alimchora Lorne mstari wa kalamu nyeusi, kuanzia chini ya kifua mpaka kitovuni, akaifunika kalamu yake na kutoka.

"Wataingilia hapa," Lorne alimwambia mama yake, akicheka. "Usinune, mama. Chakula chako cha Jumapili nitakuwa nakimaliza Alhamisi, basi."

Melvina alijaribu kucheka, uso ukakataa.

Mwanawe huyo wa pekee alikuwa na miaka ishirini na minne, na hakuwahi kuumwa tumbo hata siku moja. Lakini alikuwa Hollett, na kwao, pwani ya kusini ya kisiwa cha Newfoundland, kila mtu alijua akina Hollett wanakufa na nini. Kansa ya tumbo ilimwondoa babu yake. Ikawaondoa baba zake wadogo watatu, wala hakuna aliyefika miaka arobaini na mitano. Kwingine duniani aina ile ya kansa ni ugonjwa adimu. Kwao ilikuwa kama jina la ukoo.

Ambrose, baba yake, alisalimika kwa sababu miaka miwili nyuma alikubali kutolewa mfuko mzima wa tumbo. Walipoukata na kuupima, wakakuta ugonjwa umeshaanza. Tangu hapo alikula vijiko vitatu, akapumzika jasho likimtoka, akala vitatu tena. Mtu aliyekuwa akivuta nyavu peke yake sasa alitembea ameshikilia suruali isidondoke.

Miaka hiyo hakukuwa na kipimo cha damu cha kumjua aliyerithi. Kamera ya kuingizwa tumboni nayo haikusaidia, maana ugonjwa wenyewe hujificha chini ya utando wa tumbo.

"Mtoto wa mwenye ugonjwa huu, kuurithi ni nusu kwa nusu," daktari aliwaambia siku ya kwanza walipokwenda. "Na mkingoja mpaka uonekane, mmechelewa."

Lorne alikata shauri palepale. Tumbo lake nalo litolewe.

Ambrose alimgeukia mkewe. "Mama yake hana la kusema?"

"Sina," alisema Melvina.

Alikuwa nalo. Alikuwa nalo kwa miaka ishirini na mitano. Kiangazi kile Ambrose alikuwa Labrador akivua, na kijijini wakaja mafundi wa kusimika nguzo za umeme. Mmoja wao alipanga chumba kwa jirani. Alipoondoka, aliondoka moja kwa moja. Ambrose alirudi mwishoni mwa Septemba, na mtoto akazaliwa Aprili. Kawahi, Melvina alisema, na mkunga aliyempima akakuta ratili tisa alitazama dirishani, asitie neno. Ambrose alimpokea mtoto kwa mikono miwili, akamtembeza nyumba kwa nyumba.

Sasa angeanzia wapi? Kwa neno moja angemwokoa Lorne na kisu. Kwa neno hilohilo angemnyang'anya baba, na Ambrose angenyang'anywa kitu pekee kilichokuwa kinamwamsha asubuhi. Kila siku alijiambia ni leo. Kila siku jua lilizama hajasema.

Lorne alitangulia hospitalini mjini St. John's kwa ajili ya vipimo. Wazazi walimfuata baada ya siku mbili. Njiani, kwenye ukungu, misonobari huku na huku, Ambrose alisimamisha gari kando ya barabara, akazima injini.

"Melvina," alisema, mikono ikiwa bado kwenye usukani. "Ukitaka tumchukue mtoto turudi naye nyumbani, mimi sitakuuliza sababu."

Melvina alidhani ni hofu. Baba gani asiyeogopa? "Twende," alimwambia. "Ukifika huko na sura hiyo utamtisha."

Ambrose akawasha gari.

Na sasa nesi alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, faili mkononi. "Hili ni la mwisho, nihakikishe tu. Ugonjwa huu ni wa upande wa baba, siyo?"

Melvina alifungua mdomo. Lorne alikuwa akimtazama. Ambrose naye alikuwa akimtazama, bila kupepesa.

"Ndiyo," alisema.

Wakaanza kukisukuma kitanda. "Haya, mzee," Lorne alisema, "leo nakuwa Hollett kamili. Sina tumbo, kama wewe." Ambrose aliinama akambusu kwenye paji la uso, akakishika kichwa chake kwa muda mrefu, mpaka nesi akamwomba radhi. Mlango ukafungwa.

Walikaa kwenye benchi. Watu walipita na vikombe vya chai. Mfagiaji alifika miguuni pao, wakainua miguu, akapita.

Melvina akasimama ghafla. Aliuendea mlango ule karibu kwa kukimbia, akaupiga kwa viganja, akaupiga tena. Akatoka nesi mwingine, barakoa imeshushwa kidevuni.

"Hapana, mama, huwezi kuingia."

"Waambie wasimame. Waambie wangoje kidogo tu!"

"Mama yangu, wameshakata. Wako katikati ya kazi. Nenda ukae, anaendelea vizuri."

Alirudi, lakini hakufika kwenye benchi. Alipiga magoti mbele ya mumewe, akamshika miguu.

"Ambrose. Lorne si wako. Nilishindwa kusema. Mungu wangu, si damu yako, hana ugonjwa wenu, nikashindwa kusema!"

Ambrose alimwinua taratibu, akamkalisha kando yake. Hakuyaondoa macho kwenye mlango.

"Najua," alisema. "Nilijua tangu siku aliyozaliwa. Nilikuwa nangoja useme wewe."