Stoo ya Phelesia

Maandishi mekundu yalipojaa kwenye skrini, mkono wangu ulikuwa tayari umefika kwenye kibodi. Shangazi yangu Phelesia aliupiga kofi.

"Wacha. Mimi ndiye nasoma."

Tangu asubuhi, sebuleni kwake Migori, nilikuwa namfundisha kutumia PyTorch, programu ya kufunza kompyuta kutambua picha. Yeye huuza omena, yaani dagaa wa ziwani. Alitaka kompyuta imtofautishie omena na fulu, visamaki vya bei ya chini ambavyo wengine huchanganya ndani ya gunia. Kila hatua niliandika mimi, kisha namuuliza, "Umeona nilivyofanya, ama nirudie?"

Nikakalia mikono yangu.

Alianza na mstari wa mwisho, kidole chenye magamba yaliyokauka kikitembea chini ya kila neno. Kompyuta ilidai haina kitu kinachoitwa torch, yaani PyTorch yenyewe.

"Uongo. Asubuhi tuliiweka ndani ya stoo." Stoo ni jina aliloipa folda tuliyosakinishia kila kitu. Akagusa ukingo wa dirisha kwenye skrini. "Lakini hili dirisha nimelifungua sasa hivi. Tuko nje, nyathina, mwanangu. Stoo bado imefungwa."

Amri ya kuifungua ilikuwa kwenye ncha ya ulimi wangu. Niliimeza.

Aliichapa mwenyewe, herufi moja moja, akaendesha programu tena. Ikatokea picha ya kisamaki aliyoipiga sokoni jana, na chini yake neno moja: fulu.

Alinigeuzia kompyuta.

"Umeona nilivyofanya," aliniuliza, "ama nirudie?"