Kabla ya Kona

"Na hii ekzosi ing'oe," mke wa Kona alisema, akiigusa kwa ncha ya kiatu kama anayesukuma mzoga. "Weka ya kimya. Tunataka kusikilizana njiani."

Fundi alisimama na spana mkononi. *Tunataka.* Nyuma ya mwanamke huyo palikuwa na kijana mrefu, shati limechomekewa vizuri, anazungusha funguo za pikipiki kwenye kidole utadhani kairithi.

Pikipiki ile fundi aliijua kama kiganja chake. Ilikuwa mashine kubwa ya safari ndefu, nusu mbio, nusu starehe, na yeye na Kona waliitengeneza kidogo kidogo kwa miaka. Usukani waliushusha mpaka mpandaji akalalia tangi. Springi walizikaza. Kiti cha abiria walikifunika kabisa, maana Kona hakuwa mtu wa kupakia mtu, hata mkewe. Jina lenyewe alilipata kwa jinsi alivyoilaza kwenye kona, goti likikaribia kulamba lami.

Kisha sukari ikampanda, akalazwa, akarudi nyumbani, na tangu hapo hakuonekana. Fundi alipopiga simu, mkewe ndiye aliyepokea. "Anashinda amekaa tu, shemeji. Hataki kukutana na mtu." Kila siku jibu lilikuwa hilo hilo, mpaka fundi akachoka kupiga.

Leo mke huyo kaja na kijana.

"Mwenyewe anajua?" fundi aliuliza.

"Anajua nini?"

"Kwamba mnaibomoa."

Mwanamke akatabasamu. "Wewe fanya kazi, shemeji."

Mate yakamjaa fundi mdomoni. Akageuka, akayatemea kwenye pipa la oili chafu.

Kijana akaanza kuagiza. Usukani upandishwe, uvutwe nyuma. Kiti cha mbele kichongwe, kiwe chini kabisa.

"Kwa miguu yako hiyo?" fundi alisema. "Magoti yatakugonga kidevu."

"Shusha tu, fundi. Cha nyuma ndicho ukipanue. Kiwe na egemeo, na vishikio pande zote mbili. Na shokamzoba ya nyuma uikaze, ibebe mtu mzito."

Fundi akamtazama mwanamke. Alikuwa mwembamba kama ufito.

Walipoondoka, mshona viti wa chumba cha pili akaja kuchukua kiti. Alikuwa amesikia yote kupitia ukuta wa mabati.

"Mtu mzito!" alisema, akichora tumbo kubwa hewani kwa mkono. "Mzito leo, au mzito baada ya miezi kadhaa? Na ekzosi ya kimya! Mwizi hapigi honi, ndugu yangu. Mwenye nyumba yumo ndani, chumba kimeshapata mpangaji."

Alicheka mpaka akakohoa. Fundi hakucheka.

Hata hivyo kazi aliifanya. Kila nati aliyoilegeza alikumbuka siku walipoikaza yeye na Kona, wakibishana na kutaniana. Alipoupandisha usukani, mashine ikapoteza ule mkao wake wa chui anayenyemelea, ikawa kama ng'ombe wa maziwa. Jioni alinawa mikono kwa petroli, kisha kwa sabuni, kisha tena kwa petroli. Bado alijiona mchafu.

Waliporudi kuikagua, walikuja na kofia mbili zenye vifaa vya kuzungumzia. Wakazivaa, wakasimama mbalimbali uani, huyu huku, yule kule, wakinong'onezana na kucheka kama watoto.

"Taratibu," kijana alikuwa akimwambia. "Usichelewe. Lazima useme mapema, kabla ya kona."

Fundi alisikia jina la rafiki yake likichezewa midomoni mwao. Kwa hiyo wamepanga amwambie kabla Kona mwenyewe hajagundua! Akavuka ua, akaunyakua ufunguo kwenye pikipiki, akautia mfukoni.

"Mashine hii haitoki hapa," alisema. "Leteni polisi, leteni jeshi. Haitoki mpaka mwenyewe aje."

Cherehani ya mshona viti ikanyamaza. Kijana akamtazama mwanamke.

"Hilo tu?" mwanamke alisema, akiivua kofia. "Atakuja kesho asubuhi."

"Aje! Aje ayaone haya kwa macho yake mwenyewe!"

Mwanamke akafumbua mdomo, akaufumba. Akatoka bila kuaga.

Usiku ule fundi alijipangia maneno. Angemwambia Kona kila kitu, mwanamume kwa mwanamume, hata kama undugu wao ungevunjikia hapo hapo.

Asubuhi teksi ikasimama mlangoni. Mwanamke akatangulia kushuka, amevaa jaketi nene na buti. Kijana akafuata. Mwisho akashuka Kona, amenenepa mno, mkono mmoja juu ya bega la kijana.

Fundi akamwendea mbio, kifua kimejaa maneno, akanyoosha mkono wa salamu. Mkono ukabaki hewani.

"Fundi yuko?" Kona aliuliza, uso ameuelekeza ukutani.

Kijana akamshika kiwiko, akampandisha polepole kwenye kiti cha nyuma, akamvisha kofia na kuifunga kidevuni. Fundi akautoa ufunguo mfukoni; mwanamke akauchukua kwenye kiganja chake, akapanda mbele, nyayo zake zote mbili zikakanyaga chini.

"Kumbuka nilivyokufundisha," kijana akamwambia, akarudi nyuma hatua kadhaa.

Kona akapapasa mpaka akakipata kiuno cha mkewe.

"Haya, mama watoto," alisema. "Niambie. Barabara ikoje?"