Mkanda wa Joto

Sheria ilitaka kila mpiga mbizi wa bwawani awe na ndugu nyumbani wa kumpa joto. Ambwene alipewa na mkewe, Atuganile. Kila asubuhi mke alifunga kiunoni mkanda ulionyonya joto la mwili uliougusa, ukampelekea mumewe chini ya maji baridi hadi saa nane. Alishazoea. Vidole vikifa ganzi, alimenya viazi polepole.

Siku moja mtoto wao alilia sana. Akambeba mgongoni kwa kitenge, juu ya mkanda, naye akanyamaza.

Ambwene alipoibuka alipiga simu.

"Mama Tuntufye, leo umekula nini? Nimetoka jasho huko chini! Wenzangu wananionea wivu."

"Uji tu."

"Basi kesho ongeza bakuli. Mwanangu je?"

"Yuko mgongoni. Kimya tangu saa nne."

Ambwene aliacha kucheka. "Mshushe, mke wangu. Mshushe sasa hivi."

Atuganile alihangaika na fundo la kitenge mpaka likafunguka. Akamlaza mtoto kitandani, akamshika nyayo. Kwa mikono ile, hakuweza kujua kama zilikuwa za baridi.

"Yukoje?" Ambwene aliuliza. "Atu, yukoje?"

Akaendelea kuzishika.