Kunguru Aliyesusa

Ilikuwa siku ya kumi tangu baba afariki. Tonge la wali na ufuta lilikuwa juani juu ya paa la nyumba tangu asubuhi, na kunguru aliyetua ukutani alikuwa ameligeuzia mgongo.

"Kunguru hula kwa niaba ya marehemu; asipokula, marehemu ana jambo moyoni," panditi, kuhani wao wa Kihindu, alisema. "Mwahidi."

Kijana, fundi cherehani kama baba yake, aliahidi kila kitu. Cherehani haitauzwa. Dada atatunzwa. Hata sigara ataacha. Kunguru akajikuna shingo.

Mama yake akaja kuketi kando ya lile tonge. Kijana akamkumbuka baba mezani, mikono magotini, chakula kikipoa, akingoja mkewe atoke jikoni aonje kwanza.

Mama akamega kipande.

"Haifai, mama," panditi alisema. "Marehemu hutangulia."

"Huyu hajawahi kunitangulia kula. Ukaidi wake naujua mimi."

Akatafuna taratibu, punje ya ufuta ikamganda mdomoni. Akamtazama kunguru.

"Haya, nimeshakula. Njoo basi, kinapoa."

Kunguru akaligeukia tonge.