Radhi ya Safari

Gari la kuwapeleka mahujaji lilikuwa limeshawashwa pale Bi Tatu alipoingia uani kwa mdogo wake, Rukia. Hawakuwa wamesemezana tangu mama yao alipofariki, siku ambayo Tatu alifunga mlango kwa komeo ili Rukia asishiriki kumwosha.

"Nakwenda Makka, mdogo wangu. Nimekuja kukuomba radhi."

Rukia aliendelea kuchagua mchele. "Siku ile nilibisha mpaka mikono ikavimba. Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Na isingekuwa safari hii, ungekuja?"

Tatu alilitazama vazi lake jeupe. "Nisingekuja," alisema.

"Basi nimekusamehe, dada. Nenda, usije ukaachwa."

Aliyasema hayo bila kuinua uso, kama mtu anayempa mwombaji chochote ili aondoke mlangoni.

Garini wenzake walimpokea kwa bashasha, wakamwachia kiti cha dirishani. Kisha wakaanza kwa sauti moja, "Labbaika Allahumma labbaika," nimeitika, ewe Mola, nimeitika. Tatu alifungua kinywa ili aungane nao. Gari likaanza kwenda, mji ukarudi nyuma dirishani, na kinywa chake kilikuwa bado wazi, bila sauti.